Mji Pacha Hujulikana Matangani

Aghalabu habari yenyewe huwa fupi, nayo hubanwa katika pembe ya chini ya ukurasa wa ndani. Ujumbe wa mji fulani umefunga safari kwenda ng'ambo kujumuika na wakazi wa mji pacha katika maadhimisho ya miaka kadha wa kadha tangu mji huo uasisiwe. Picha huwaonyesha watu wazima waliovaa mikufu ya vyeo, wakikabidhiana kinyago au bamba la shaba na kutabasamu mbele ya bendera mbili. Msomaji wa Kenya aionapo picha hiyo hujiuliza swali moja tu: ni nani aliyelipa nauli?

Swali hilo si la choyo. Mlipa kodi ana haki ya kuliuliza, hasa katika nchi ambayo zamani madiwani, na tangu mwaka 2013 wawakilishi wa wadi, wamezoea kuita ziara ya mafunzo safari ambayo mafunzo yake hayakuonekana na mtu. Hata hivyo, lipo swali jingine lililo la msingi zaidi, ambalo halijaulizwa vya kutosha. Hawa ni pacha wa namna gani, ambao hawakuzaliwa siku moja?

Miongoni mwa Waluo, Opiyo ndiye atanguliaye kuiona dunia, naye Odongo humfuata. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, na leo karibu Tanzania nzima, wao huitwa Kurwa na Doto. Tofauti ya umri wao huhesabiwa kwa dakika. Hakuna Odongo aliyewahi kupelekewa kadi ya kumwalika katika siku ya kuzaliwa ya Opiyo, kwa kuwa siku hiyo ni yake pia. Mji pacha, kinyume cha hayo, hualikwa. Huja na mizigo yake, hulala hotelini, hupigiwa bendi, hukaa siku nne, kisha hurudi kwao. Bila shaka hapa neno limetangulia mbele ya jambo. Nia ya makala haya ni kuuliza iwapo jambo lenyewe laweza kulifikia neno, na kwa njia gani.

Mimi ni mtu wa isimu, na ada ya watu wa isimu ni kuanza na neno. Waingereza huiita miji ya namna hii pacha, na Wafaransa na Waitalia hawako mbali nao. Wamarekani huiita dada, na Wajapani vilevile. Wajerumani, kwa tahadhari yao, huiita miji shirika, kana kwamba imefungua duka pamoja. Wachina huiita miji ya urafiki. Warusi ndio waliokwenda mbali zaidi: neno lao lina maana ya ndugu wa kuapizana, yaani wale ambao sisi twawaita ndugu wa kuchanjiana. Nasi katika Kiswahili bado hatujaamua. Leo gazeti huandika miji pacha, kesho miji dada, keshokutwa miji rafiki, kana kwamba maneno hayo yana uzito mmoja.

Hayana. Rafiki huchaguliwa, na siku akikuudhi humwachi? Humwacha. Mshirika huwekeana nawe mkataba, na mkataba una tarehe ya kwisha. Lakini dada hatalikiwi na ndugu zake, na pacha ndiye kabisa hana pa kukimbilia. Kila neno la ujamaa katika lugha zetu limebeba deni. Ukimwita mtu mjomba, umejitwika mambo ambayo mjomba na mpwa hudaiana. Kwa hiyo mji unapojitangaza kuwa pacha wa mji mwingine, mwenye kujua lugha ana haki ya kuuliza: deni liko wapi, na hulipwa siku gani?

Tuitazame asili ya jambo lenyewe. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, ndege za Ujerumani ziliushambulia mji wa Coventry katikati ya Uingereza. Zaidi ya watu 500 waliuawa, na kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli likabaki kuta tupu. Miaka miwili baadaye, Stalingrad katika nchi ya Wasovieti ukawa uwanja wa vita ambavyo vilianza Agosti 1942 na kumalizika Februari 1943. Wanawake wa Coventry walizisoma habari hizo wakiwa wangali wanaokota vifusi vyao wenyewe. Wanawake 830 wakatarizi majina yao juu ya kitambaa cha meza, kila mmoja akatoa mchango wa peni sita, na katikati wakashona ujumbe ambao maana yake ni kwamba msaada mdogo ni bora kuliko huruma nyingi. Kitambaa kikapelekwa Stalingrad. Mnamo 1944 miji hiyo miwili ilifungamana rasmi, na uhusiano huo huhesabiwa kuwa chimbuko la miji pacha kama tuijuavyo leo. Stalingrad ulibadilishwa jina mwaka 1961 ukaitwa Volgograd, nacho kitambaa kimehifadhiwa huko katika makumbusho ya vita hivyo.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Peni sita haikujenga ukuta hata mmoja wa Stalingrad. Lakini yafaa tukumbuke kwamba upacha huo wa kwanza haukuanzia karamuni. Ulianza pale aliyefiwa alipomwona mwenzake naye amefiwa, akaenda kuketi naye.

Lililofuata ni zito zaidi. Kati ya tarehe 13 na 15 Februari 1945, ndege za Uingereza na Marekani ziliuteketeza mji wa Dresden, mashariki mwa Ujerumani. Tume ya wanahistoria iliyotoa ripoti yake mwaka 2010 ilikadiria kwamba waliokufa walifikia hadi 25,000. Coventry, uliochomwa na Wajerumani, ungaliweza kusema kwamba mizani imelingana. Badala yake, mwaka 1959 Coventry na Dresden ziliamua kuwa pacha.

Msingi wa uamuzi huo ulikuwa umetiwa mapema. Mkuu wa kanisa la Coventry, Richard Howard, aliagiza maneno mawili yachongwe katika ukuta nyuma ya madhabahu iliyobomoka, yakimwomba Mungu Baba asamehe. Maneno hayo hayakusema amsamehe nani. Kitenzi kiliachwa bila mtendwa. Sisi wenye Kiswahili twaelewa vizuri uzito wa pengo hilo, kwa kuwa katika lugha yetu kiambishi kimoja tu kingetosha kuwagawa watu pande mbili, wenye kusamehe na wenye kusamehewa. Howard alikataa kukitia kiambishi hicho. Kila mtu alibaki ndani ya ombi.

Kanisa la Dresden liitwalo Frauenkirche nalo lilikuwa limeporomoka katika moto wa 1945, na kwa muda wa miaka mingi lilibaki rundo la mawe. Lilipojengwa upya, tufe na msalaba wa juu ya kuba vilitengenezwa London kwa michango ya Waingereza, na sonara aliyevifanyia kazi alikuwa mtoto wa mwanajeshi aliyekuwamo katika ndege zilizoishambulia Dresden. Kanisa liliwekwa wakfu tarehe 30 Oktoba 2005. Mwaka uliofuata, 2006, Dresden ilisherehekea miaka 800 tangu jina lake lionekane kwa mara ya kwanza katika maandishi. Ndugu wa Coventry ajaye katika sherehe kama hiyo hana haja ya kueleza amefuata nini, wala hapana atakayemwuliza nauli yake imelipwa na nani. Alikwisha kuonekana matangani. Arusi ni haki yake.

Jambo hili si geni kwetu. Hapa Afrika Mashariki tulikuwa na utaratibu wa namna hii kabla ya meya wa kwanza kuvaa mkufu. Tuliuita utani. Wanyamwezi waliposhuka pwani na misafara ya biashara katika karne ya 19, walifungamana kwa utani na watu waliowapitia njiani na kuwakuta pwani, kama Wazigua na Wazaramo. Wangoni, walioingia kusini mwa Tanzania kwa mikuki, waliishia kuwa na watani miongoni mwa watu wale wale waliopigana nao. Mtani huruhusiwa kukutukana mbele za watu nawe usikasirike. Lakini ruhusa hiyo haikutolewa bure. Pakitokea msiba, mtani ndiye hubebeshwa kazi ambazo wafiwa hawaziwezi, na huwachekesha waliaji hadi wakaweza kumeza chakula. Mtani asiyefika msibani amejivua utani mwenyewe. Hapo ndipo deni lilipo, na siku ya kulilipa yajulikana.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Msafiri atokaye Mombasa akavuka mpaka Lungalunga na Horohoro hufika Tanga baada ya saa chache. Tangu mwaka 1963 Tanga imekuwa na uhusiano wa kipacha na Eckernförde, mji wa kaskazini mwa Ujerumani katika pwani ya Bahari ya Baltiki. Pacha hawa hawafanani hata kidogo. Mmoja una watu zaidi kidogo ya 20,000. Mwingine, kwa sensa ya 2012, ulikuwa na zaidi ya 270,000. Eckernförde husifika kwa visamaki vinavyokaushwa kwa moshi, jamaa wa dagaa wetu, ambavyo soko la Ujerumani huviita kwa jina la mji jirani wa Kiel. Mvuvi yeyote wa Tanga ambaye ngalawa yake imevua na jina likaenda kwa mwingine ataielewa hadithi hiyo bila mkalimani.

Katika mji wa Tanga jina la Eckernförde limepewa barabara, na limepewa shule pia. Kwa mtu wa isimu hilo ni jambo la kufurahisha. Jina limezipoteza nukta mbili zilizokuwa juu ya irabu yake ya o. Na midomo ya watu, isiyopenda konsonanti zirundikane, imeliongezea pumzi na kulilainisha. Jina la kigeni linapokubali kuchakaa hivyo mdomoni mwa wenyeji, limekwisha kuwa la nyumbani. Uhusiano huo ulitimiza miaka 50 mwaka 2013 na 60 mwaka 2023. Si upacha wa juzi.

Lakini hebu tuushike mkono wa mgeni kutoka Eckernförde, tumpeleke kilomita zipatazo 50 kusini mwa Tanga, hadi Pangani. Ni hapo ambapo tarehe 15 Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyotaka kuitawala pwani hiyo. Kisha tumrudishe Tanga yenyewe, ambako mapema Novemba 1914 majeshi ya Waingereza, ambayo askari wake wengi walikuwa Wahindi, yalipigwa na kurudishwa baharini na jeshi la Wajerumani lililojaa askari Waafrika. Makaburi ya waliokufa katika vita hivyo vya watu wengine yamo mjini hadi leo. Je, siku hizo zimo katika kalenda ya upacha? Au kalenda ina siku za keki tu?

Simsemi vibaya mtu wa Eckernförde. Mji mdogo wa wavuvi haukumtia kitanzi Abushiri. Lakini anayefika matangani haulizwi kwanza kama ndiye aliyeua. Huulizwa kama ameketi. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda wazee wa huko wakati wa vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Rais wa dola alihitaji miaka mia moja na zaidi ili afike Songea. Mji pacha haungojei dola. Ndiyo faida yake, na ndiyo sababu ya kuwa nao.

Tuutazame mfano mwingine, wa Mwanza na Würzburg, mji wa kusini mwa Ujerumani. Hawa wamekuwa pacha tangu 1966. Uhusiano huu una mapato yaonekanayo kwa macho. Taasisi ya tiba ya kimisheni iliyoko Würzburg imeshirikiana kwa miaka mingi na hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachotazama ziwa. Watafiti wa pande hizo mbili wamefanya kazi pamoja juu ya ugonjwa wa kichocho, ikiwa ni pamoja na uchunguzi wa watoto wadogo katika kisiwa cha Ijinga. Hapo elimu haikutoka upande mmoja peke yake. Daktari wa Ulaya atakaye kukijua kichocho sharti aje kilipo, akajifunze kwa wanaokitibu kila siku. Huo ni upacha wa kufaana, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba undugu ni kufaana, si kufanana.

Hata hivyo, kipimo nilichokishika nakirudia hapa pia. Jioni ya tarehe 16 Machi 1945, mabomu ya Waingereza yaliiteketeza Würzburg kwa muda wa yapata dakika 20. Watu wapatao 5,000 walikufa na sehemu kubwa kabisa ya mji wa kale ikawa majivu. Kila mwaka, jioni ya tarehe hiyo, kengele za makanisa ya mji hulizwa. Kwa upande wa Mwanza, tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na kufika bandarini, ikaangamiza mamia ya watu, na wengi wao wamezikwa Igoma. Würzburg huandaa tamasha kubwa la muziki wa Afrika, lililoanza mwaka 1989, na mgeni wa Mwanza akialikwa huko ni jambo jema. Lakini laiti mwaka mmoja ujumbe wa Mwanza ungekwenda mwezi wa Machi, katika baridi, bila ngoma, ukasimama na wenyeji kengele zikilia! Na laiti wa Würzburg wangekuja Igoma mwezi wa Mei! Nathubutu kusema kwamba safari mbili hizo zingewafunga watu wa miji hiyo kuliko mabamba ya shaba ya nusu karne.

Kuna atakayeniambia kwamba kumbukumbu za misiba huleta ugomvi, heri tukutane katika furaha. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. San Francisco na Osaka zilikuwa dada tangu 1957. Mwaka 2017 San Francisco ikasimamisha sanamu ya kuwakumbuka wanawake waliolazimishwa kuwatumikia kimwili askari wa Japani wakati wa vita. Osaka iliona imetukanwa, na mwaka 2018 ikauvunja udada huo wa miaka zaidi ya 60. Kabla ya hapo, mnamo Februari 2012, mji wa Nanjing nchini Uchina ulisimamisha uhusiano wake na Nagoya, baada ya meya wa Nagoya kukana hadharani mauaji ya Nanjing ya 1937.

Lakini hebu tuichunguze mifano hiyo kwa makini. Katika Nanjing kilichovunja undugu ni kukana kwamba kulikuwa na marehemu. Katika Osaka ni kukataa kuyaona maombolezo ya mwingine. Kumbukumbu yenyewe haikumfukuza mtu. Aliyekataa kuketi ndiye aliyejiondoa. Na miaka yote ya karamu zilizotangulia, za zawadi na wanafunzi wa kubadilishana, haikutosha kuzuia mpasuko siku mauti yalipotajwa. Basi ugomvi huo, badala ya kuipinga hoja yangu, waitia nguvu. Mambo ambayo pacha hawakuyasema mapema ndiyo yatakayowatenga baadaye.

Tugeukie miji yetu wenyewe. Nairobi imekuwa dada wa Denver, Marekani, tangu 1975, na huko Denver kuna bustani ya umma iliyopewa jina la Nairobi. Mombasa na Seattle zimekuwa dada tangu 1981. Muulize mwenye kibanda cha mboga wa Gikomba kuhusu Denver, au mvushwaji wa feri wa Likoni kuhusu Seattle, kisha unipe jibu lake. Undugu ambao wanandugu hawana habari nao haujawa undugu. Ni barua iliyofungiwa katika kabati la ofisi.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba Denver yenyewe yaujua mwanzo mwema. Udada wake wa kwanza, na mji wa Brest nchini Ufaransa mwaka 1948, ulianza pale wanafunzi wa shule ya upili walipokusanya sarafu za senti kumi ili kusaidia kujenga upya wodi ya watoto katika hospitali ya mji huo ulioharibiwa na vita. Mbegu hiyo ni ile ile ya kitambaa cha Coventry: watu wadogo, fedha ndogo, msiba mkubwa. Nasi tunazo tarehe zetu za kuwashirikisha ndugu. Nairobi ina 7 Agosti 1998, siku ambayo bomu lililolenga ubalozi wa Marekani liliua zaidi ya watu 200, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia. Mombasa ina 29 Aprili 1994, siku ambayo feri ya Mtongwe ilipinduka na kuwazamisha zaidi ya watu 250. Ni nani katika miji dada yetu azijuaye tarehe hizo? Nasi, kwa haki, ni zipi za kwao tuzijuazo?

Niruhusu, msomaji, nitoe mapendekezo matatu, nisije nikaonekana mlalamishi asiye na dawa.

La kwanza, miji inayoitana pacha ipeane kalenda mbili, ya furaha na ya msiba, na ujumbe usiende katika ya kwanza kabla haujakwenda katika ya pili.

La pili ni la wajumbe wenyewe. Asafiri muuguzi, asafiri mvuvi, mwalimu wa shule ya msingi, na mzee aliyeshuhudia. Kiongozi asindikize, asiwe yeye ndiye msafara. Wakirudi, wasimame katika baraza la wazi wawasimulie waliowatuma. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga; nami naongeza kwamba arudipo kwao naye aulizwe amelima nini.

La tatu linahusu lugha, na hapa nakiri kwamba nina upendeleo. Nimechoka kuona mjumbe wa Afrika Mashariki akisimama mbele ya Wajerumani, ambao wamekwisha kuhutubu kwa Kijerumani, naye akawajibu kwa Kiingereza, ambacho si chake wala si chao. Kiswahili kilianza kufundishwa Berlin mwaka 1887. Hata leo kinafundishwa katika vyuo vikuu vya Hamburg, Leipzig na Bayreuth. Wakalimani hawakosekani; kinachokosekana ni ushupavu wa kuwaita. Aliyekwenda kumpa pole nduguye kwa lugha ya kuazima ameacha nusu ya pole nyumbani.

Namalizia kwa neno moja zaidi, maana nilianza kwa neno. Twapenda kuyaita makutano haya sherehe. Kila mtoto wa shule nchini Kenya aliyewahi kusoma diwani au tamthilia ya Kiswahili analijua neno hilo kwa maana yake ya pili: ni ile orodha ya mwishoni mwa kitabu, ambamo maneno magumu hufafanuliwa. Maana zote mbili ni halali, nazo zimeishi pamoja katika lugha yetu bila kugombana. Basi miji ialikane katika sherehe, ila isiishie katika ile ya kwanza. Mwenyeji amkalishe mgeni wake, amfafanulie maneno magumu ya mji wake: Pangani, Igoma, Mtongwe. Mgeni naye afafanue ya kwake. Kisha ngoma zipigwe, na keki ikatwe, na nauli yake nitaichangia mimi mwenyewe bila kunung'unika.